Ndoa ya Noti Moja

Mtu akaaye kijijini hufikiri kwamba sisi wa mjini hatuchoki kwa sababu hatulimi. Akituona tumevaa viatu na kuketi garini, husema: «Wale wanapelekwa tu kama mizigo.» Neno hilo la mizigo ni la kweli kuliko anavyodhani. Mimi nakaa Ruashi, na kazi yangu ya ukarani iko katikati ya mji wa Lubumbashi. Kila asubuhi napakiwa, na kila jioni napakuliwa. Leo nataka kuwasimulia habari za safari hiyo. Ina mambo mengi ya kuchekesha, na jambo moja ambalo halikunichekesha hata kidogo.

Kwanza niseme kwa nini tunasafiri hivi. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini. Uliitwa Élisabethville, na jina hilo lilidumu mpaka mwaka 1966. Wabelgiji walipoupanga mji, waliweka nyumba za Wazungu upande wao, na makao ya wafanyakazi weusi upande mwingine. Kati ya pande hizo mbili waliacha uwanja mtupu, watu wasikaribiane. Ndivyo zilivyozaliwa sehemu kama Kamalondo na Kenya, na baadaye, katika miaka ya 1950, Katuba na Ruashi. Sheria zile zilikufa zamani, lakini umbali haukufa pamoja nazo. Ofisi na maduka makubwa yamebaki kule, na vitanda vyetu vimebaki huku. Wazee wetu walikata njia hiyo kwa baiskeli au kwa miguu. Sisi twaikata kwa taksibasi.

Sasa niwaeleze mlango wa taksibasi. Mengi ya magari hayo yalitengenezwa Japani, ambako madereva hushika upande wa kushoto wa barabara. Yakishushwa katika bandari ya Dar es Salaam hayapati taabu, maana katika Tanzania na Zambia madereva hushika kushoto vilevile. Lakini yakiisha kupita mpaka wa Kasumbalesa, lo! yameingia nchi inayoshika kulia. Tangu hapo kila kitu kinageuka. Dereva anaketi upande wa mtaro, hata akitaka kulipita lori lililo mbele, hana budi kumwuliza abiria aketiye kushoto kama njia ni nyeupe. Na mlango wetu, uliofanywa ili ufunguke penye ukingo wa njia, sasa unafunguka katikati ya barabara. Pikipiki zinapita hapo kama nyuki waliochokozwa. Jirani yangu mmoja, mama mwenye umri, hufanya ishara ya msalaba wakati wa kushuka, si wakati wa kupanda. Siku moja nilimwuliza sababu. Akanijibu: «Mwanangu, ndani tumebanana, hata tukitaka kuanguka hatuna nafasi. Hatari iko nje.»

Kubanana huko nako kuna desturi zake. Kiti cha watu watatu kinakaliwa na wanne, na mpokea nauli huapa kwamba kilitengenezwa kwa wanne. Yeye mwenyewe hana kiti. Hujikunja mlangoni kama kisu cha mfukoni, kichwa nje, mkono ndani, akiita majina ya vituo na kuhesabu fedha kwa pamoja. Asubuhi moja alimwambia bwana mmoja mnene ajisogeze. Yule bwana akasema: «Nimekwisha kujisogeza, sehemu iliyobaki ndiyo mimi.» Gari zima likacheka, hata dereva. Mara nyingine hupanda mtu wa kuuza dawa. Mzizi wake mmoja hutibu meno, tumbo, macho na ugomvi wa mume na mke. Juma lililopita mwanafunzi mmoja alimwuliza kwa heshima nyingi kama unatibu pia kuchelewa kufika masomoni. Mwenye dawa akafikiri kidogo, akasema ni lazima kunywa vijiko viwili.

Tena mji hauchoshi njiani tu. Nyumbani, umeme hukatika jioni wakati mama wa nyumba anapotaka kupika bukari, tukarudia makala kama babu zetu. Halafu umeme unarudi usiku wa manane. Redio zilizosahauliwa zinaanza kusema zote pamoja, taa zinatuamsha, na wake zetu wanaondoka kitandani mbio ili wapige pasi kabla haujakatika tena. Ndiyo maana asubuhi, ndani ya taksibasi, utaona watu wenye mashati yaliyonyoka na macho yaliyokunjamana.

Haya yote ni mambo ya kuvumilia, na mtu akiyacheka yanapungua uzito. Lakini kuna taabu moja inayotuonja mioyo kila siku, nayo ni chenji. Asubuhi kila abiria ana noti ya franka 1000, na hakuna mwenye ndogo. Zile ndogo zilizopo zimezeeka. Zimekunjwa, zimeloa jasho, zimegandishwa kwa karatasi ya gundi, na kila mmoja anatafuta mwenzake wa kumsukumia. Basi, mpokea nauli amevumbua dawa yake. Anawachukua abiria wawili wanaomdai franka 500 kila mmoja, anawapa noti moja ya 1000, na kusema: «Ninyi wawili, mtagawana huko chini.» Sisi twaita jambo hilo ndoa. Tunafungishwa ndoa bila padri, bila mashahidi, bila kuulizwa kama tunakubali. Kisha gari linaondoka, na maarusi wanabaki kando ya barabara wakitazamana, noti moja katikati yao.

Ndoa yangu mimi ilifungwa mwezi wa Februari mwaka 2019. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mashimo ya barabara yalikuwa yamekuwa mabwawa. Tulichelewa sana njiani. Nauli siku zile ilikuwa franka 500. Tuliposhuka karibu na Posta, mpokea nauli alinioza kwa mama mmoja mzee, aliyevaa kitenge cha buluu na kubeba chungu kilichofungwa vizuri kwa kitambaa. Harufu ya lengalenga ilitoka humo. Kijana yule alinipa mimi noti, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ya shati langu lililopigwa pasi.

Yule mama alinitazama usoni, akacheka. Akasema: «Baba, basi nenda ukabadilishe. Mimi nitakungoja hapa na chungu changu.»

Nikamwambia: «Ndiyo, mama. Narudi sasa hivi.»

Nilikwenda kwa wale wanaobadili fedha mezani kando ya njia. Wa kwanza alinicheka, maana yeye hubadili dola, si noti ya franka 1000. Nikaenda kwa kijana auzaye yuniti za simu. Akaniambia: «Nunua kwanza.» Nikaenda kwa mwuza mikate. Hakuwa amepata mteja hata mmoja. Mara mvua ikaanza tena, tena kwa nguvu. Nikakimbilia chini ya paa la duka. Hapo simu ikalia: mkuu wangu wa kazi aliniuliza niko wapi, wageni wamefika, na funguo za kabati ninazo mimi. Nilitazama kule nilikomwacha yule mama. Mvua ilikuwa kama pazia, sikuona kitu. Nikajiambia: «Nitarudi saa sita. Naye ni mtu mzima, ataelewa.» Nikakimbia kwenda ofisini.

Saa sita nilirudi kweli. Hakukuwa na mtu.

Jioni, nilipokuwa nikitoa vitu mfukoni, noti ile ikaanguka mezani. Mke wangu aliiokota, akasema: «Leo umebakiza? Sifa kwa Mungu.» Sikumwambia neno. Nilijisemea moyoni kwamba franka 500 si kitu. Hazinunui hata mkate mzuri. Wasomaji wapenzi, angalieni jinsi moyo wa mtu unavyofanya hesabu. Asubuhi, mpokea nauli aliponipunja franka 100, nilipiga kelele mpaka gari zima likageuka. Jioni, franka 500 za mwenzangu zilikuwa si kitu.

Jumamosi ile nilikuwa na zamu yangu ya kufundisha katekisimu watoto wanaojitayarisha kwa Komunyo ya kwanza. Tulikuwa tumefika amri ya saba. Nikafafanua vizuri, kama kawaida yangu. Halafu mtoto mmoja wa kiume akanyosha mkono, akauliza: «Mwalimu, wizi unaanzia franka ngapi?»

Nikakohoa. Nikasema ni swali zuri, na kwamba tutalijibu juma lijalo. Lakini msichana aliyeketi mbele hakungoja juma lijalo. Alisema: «Hauna bei. Unaanza pale franka zinapokuwa za mtu mwingine.» Watoto wote wakaitikia kwamba ni kweli. Mimi nikafuta ubao ingawa ulikuwa haujaandikwa kitu.

Nilikwenda kuungama. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha dawa yangu mwenyewe: nitaweka zile franka katika sanduku la maskini, na mambo yataisha. Lakini Padri aliniuliza: «Huyo mama umemtafuta?» Nikajibu: «Padri, mji huu una watu wengi mno.» Akasema: «Sikukuuliza idadi ya watu. Nimekuuliza kama umemtafuta.» Kisha akanikumbusha neno ambalo mimi mwenyewe huwafundisha watoto: kitu cha mtu kinarudi kwanza kwa mwenyewe. Maskini ni wa pili, kama mwenyewe hapatikani kabisa. Mtu asifanye sadaka kwa mali asiyokuwa nayo, kisha akajisifu kwa wema.

Hapo nikaanza kutafuta. Kila asubuhi niliingia garini nikitazama nyuso, si viti. Watu walidhani nimekuwa polisi. Nilikumbuka vitu viwili tu, kitenge cha buluu na chungu. Nikatafakari: nani aletaye mjini asubuhi chungu cha chakula kilichofungwa hivyo? Mwenye kuuza chakula huleta vyungu vingi. Chungu kimoja ni cha mtu mmoja, na mtu huyo hana wa kumpikia. Ninyi mnajua desturi ya kwetu: mgonjwa akilazwa hospitalini, jamaa zake ndio wanaomlisha. Nilipofikia wazo hilo, moyo wangu uliingia baridi. Tangu siku ile sikuweza tena kusema kwamba franka 500 si kitu, kwa maana sikujua zilikuwa za nini.

Mwezi wa Machi ukapita, na Aprili, mvua zikakoma. Zikaja asubuhi za baridi za mwezi wa Juni, zile ambazo hapa Lubumbashi watu hupanda gari wamejifunga makoti na vitambaa mpaka masikioni, na kwa mara moja katika mwaka hakuna anayelalamika kwamba tumebanana. Siku moja mtu alikaa karibu nami, amejifunika shuka kichwani. Sikumtambua. Yeye ndiye aliyenitambua. Alinigusa bega, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: «Bwana arusi wangu! Uliniacha siku ile ile ya arusi!»

Gari likalipuka kwa kicheko. Mimi nilitaka kufunguka mlango, hata kama ni upande wa pikipiki.

Nilimwomba radhi hapo hapo, mbele ya watu wote, na haikuwa rahisi. Yeye alisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akanisimulia bila hasira, kama mtu anayesimulia habari za mwaka wa zamani. Alisema: «Nilikungoja, baba. Nilisema, huyu ana uso wa mtu wa kanisa, atarudi. Mvua ilipozidi, nilisimama chini ya paa, lakini sikutaka kwenda mbali usije ukanikosa. Nilikungoja mpaka chakula kikapoa.»

Mjukuu wake ndiye aliyekuwa amelazwa. Zile franka 500 zilikuwa nauli yake ya kurudi Ruashi, na hakuwa na nyingine. Alirudi kwa miguu, saa mbili na zaidi, katika matope, na chungu kitupu kichwani. Kesho yake miguu ilikuwa imevimba, hakuweza kwenda hospitalini.

Nikamwuliza kwa sauti ndogo: «Na mtoto alikula nini?»

Akajibu: «Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mama anayemlinda mume wake. Hatukujuana. Hata lugha ya kwao siijui. Alipoona mimi sikuja, alikata bukari yake katikati, akampa mtoto nusu. Siku hiyo, na siku iliyofuata. Mtoto alipona, sifa kwa Mungu.»

Sikucheka tena, wala abiria waliokuwa karibu. Mnaona wenyewe hesabu ilivyokwenda. Deni langu halikubaki hewani likiningoja nipate nafasi. Siku ile ile mtu mwingine alililipa, naye alililipa katika sahani yake mwenyewe. Mimi niliyevaa shati safi nilishindwa kugawa noti. Yule mama wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa na deni kwa mtu, aligawa chakula.

Nilikuwa nimefikiri mbele jambo la kufanya siku nitakapompata. Nilikuwa nimeweka kando franka 2000, nikimkumbuka Zakayo katika Injili ya Luka, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Nikamtolea zote. Alizitazama, akachukua noti moja ya 500, akanirudishia noti tatu. Akasema: «Mimi nilikukopesha 500, sikukukopesha 2000. Hizi nyingine mpe yule mama wa kitanda cha pili, siku utakayompata.» Kisha akaongeza, akicheka tena: «Na sasa tumeachana vizuri. Ndoa hii, hata padri hatakataa ivunjwe.»

Tulipofika Posta alishuka kwa mlango ule ule wa katikati ya barabara, nami nikamshika mkono mpaka ukingoni.

Yule mama wa kitanda cha pili sijampata mpaka leo. Sijui uso wake, na mwenye kunituma hakuujua jina. Lakini zile noti tatu za 500 nimeziweka katika bahasha ndogo, na bahasha hiyo nasafiri nayo. Mpokea nauli akitaka kufungisha ndoa karibu nami, mimi natoa noti mbili ndogo, napokea moja ya 1000, na maarusi wanakwenda zao kwa amani, kila mmoja na yake. Jioni naibadili ile kubwa tena, hata ikinilazimu kupita kwa wauzaji watano, ili bahasha iwe tayari asubuhi. Hesabu inabaki ile ile, 1500, isipungue hata moja, maana si mali yangu.

Wasomaji wapenzi, ninyi mkaao Lubumbashi, Bukavu, Goma, Kisangani, na mahali pengine ambako watu hubanana njiani, nawaomba jambo dogo. Hatuwezi kuzihamisha nyumba zetu zikaribie kazi, wala kugeuza usukani wa magari, wala kuamrisha umeme urudi saa ya kupika. Lakini kila mmoja anaweza kutoka nyumbani asubuhi akiwa na noti mbili ndogo mfukoni. Na mtu akikuambia, «Nenda ukabadilishe, mimi nakungoja,» basi rudi, ijapokuwa mvua inanyesha. Hujui chungu kile anampelekea nani.